Baiskeli Niliyomwachia Akai

Tangu nirudi Voi hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mzima. Kila mtu anauliza baiskeli iko wapi. Nimechoka kueleza vipande vipande, huyu nikimweleza akisubiri kiraka, yule akiwa juu ya pikipiki na injini inanguruma, kisha kila mmoja anakwenda kusimulia lake. Nimesikia niliibiwa. Nimesikia pia kwamba niliiuza nikanywa, na mimi pombe niliacha kabla baadhi yenu hamjaota ndevu. Basi nimekaa nikaandika. Someni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna jambo linalowahusu ninyi.

Kwa waliohamia mtaani juzi, Bahati ni Mkongo aliyefanya kazi nami kibandani kwangu, tukitengeneza baiskeli, kwa miaka sita. Kwenye kusuka spoku hakuna fundi wa kumfikia kuanzia hapa hadi Taveta, nikiwemo mimi. Kibanda kilipoungua, yeye alikuwa amekwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma kumwona mama yake. Aliporudi baada ya wiki tatu alikuta majivu, na habari yote akaipata kwa muuza chai. Akaniuliza, "Simu haukuwa nayo?" Nikamjibu kwamba sikutaka kumsumbua. Alinitazama, akakusanya nguo zake, akarudi Kakuma siku ile ile. Kwa miaka miwili hakupokea simu yangu. Nami kwa miaka miwili nilijiuliza nilimkosea nini. Kibanda kilikuwa changu na hasara yangu. Mtu unamwepushia mzigo, naye anakununia.

Ndipo binti yake akaniandikia kwamba wamepata nafasi ya kwenda kuishi ng'ambo, wanaondoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na hawarudi. Hakuandika njoo. Aliandika hivyo tu. Mimi nilikuwa na blekmamba yangu, ile baiskeli nyeusi ya chuma, kitu pekee kilichotoka motoni, na gurudumu lake la nyuma alilisuka Bahati. Nikawaza kwamba nikifika nayo, akaona gurudumu lake limenibeba nchi nzima, hataninyima mkono. Maneno mimi siyawezi, mnanijua. Nilikuwa na siku ishirini na mbili.

Voi hadi Kitale

Hapa sitawachosha, njia mnaijua. Malori ya barabara ya Mombasa yalinitupa kwenye changarawe mara nne. Naivasha nilipotea nikajikuta ndani ya shamba la maua, mlinzi akanifungulia lango nitoke upande wa pili bila kuniuliza lolote, na mpaka leo sijui alidhani mimi ni nani.

Timboroa ndiyo naikumbuka. Mvua ya mawe ilinikuta, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka. Mwenye duka alikuwa ndani na birika la chai, akinitazama kupitia dirishani. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Sikubisha hodi. Mama yangu alitufundisha kwamba mtu wa heshima haombi. Akihitaji kitu, wenye macho watamwona. Huyu aliniona vizuri sana, na chai akainywa yote. Niliondoka nimemchukia, na Kitale nikalala siku mbili na homa.

Kitale hadi Lodwar, na pale nilipobebwa

Kutoka milima ya Pokoti unashuka kama unaingia jikoni. Kainuk askari wa kizuizi cha barabara walinisimamisha. Mmoja alizunguka baiskeli, akaminya tairi, akasema, "Mzee, hapa mbele kuna majambazi, hatuachi mtu peke yake." Nikamweleza kwamba safari yenyewe ni ya peke yangu, ndiyo maana yake. Akatikisa kichwa kama daktari, akasimamisha lori la vitunguu, mimi na blekmamba tukapandishwa.

Nililalamika njia nzima. Tulipoipita njia ya Katilu, kwenye migomba na mahindi ya kando ya mto Turkwel, nilikuwa bado namweleza dereva kwamba sasa safari yangu ina tundu katikati. Dereva akasema, "Lakini baiskeli pia imepanda. Mko pamoja." Lokichar tukashushwa. Kutoka hapo nikaendesha mwenyewe hadi Lodwar, nikiziba pancha saba za miiba ya miti ya mathenge.

Lodwar

Niliingia Jumanne. Kwenye hoteli moja karibu na soko nikala samaki wa ziwani na chapati, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvurugika.

Mtu aliyekuwa meza ya pili alinisalimia, "Ejok?" Nikamjibu ejok, nimeshajifunza. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Voi. Akasema, "Nipe hiyo kofia." Hakusema tafadhali, wala hakuonekana mwenye shida; saa ya mkononi aliyovaa ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichonacho. Nikamwambia kwa upole, kama tunavyosema kwetu mtu asipotaka kumvunja mwenzake moyo, "Nikirudi." Akaridhika kabisa, akanisogezea pilipili.

Mama wa kuuza vikapu nje akataka kengele. Nikirudi, mama. Mzee wa kibanda cha tumbaku akataka pampu, halafu viatu. Nikirudi, mzee. Ekal, mwenye hoteli, mtu mnene wa kucheka ovyo, alikuwa akinisikiliza kutoka kwenye jiko lake.

"Mzee, wewe naahidi watu mingi," akasema.

"Sijaahidi mtu," nikamwambia.

Akacheka tena, akaenda kugeuza chapati. Nikajisemea kwamba mji huu una njaa ya vitu vya watu, na nikafunga kengele kwa waya wa ziada.

Lodwar kuelekea Kakuma

Jumatano niliondoka alfajiri. Kwa hesabu yangu ningefika Kakuma jioni, niwe na Alhamisi nzima ya kumtafuta Bahati. Upepo wa kule unatoka nyuma ukielekea Kakuma, na mimi nikadhani nimepata bahati. Kumbe upepo wa nyuma unakudanganya. Unakwenda mbio, jasho linakauka kabla hujalijua, unakunywa kidogo kidogo, na ghafla chupa ni nyepesi.

Nilikuwa na chupa tatu. Ya tatu niliitoa hivi. Mchungaji mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya laga, mto wa mvua uliokauka, mbuzi wake wamesambaa kwenye mikoma. Akanyanyua mkono nikasimama. Ejok, ejok. Akasema, "Nipe maji." Maji humnyimi mtu, nikampa chupa. Akanywa, akanirudishia ikiwa na kama vidole viwili ndani, akafuta mdomo, akaniangalia kama mtu anayesubiri zamu yangu. Ndipo nikaona, nyuma ya kigoda, dumu la njano la lita ishirini. Lilikuwa limejaa, kwenye mfuniko kulikuwa na tone.

Nilikasirika. Ana lita ishirini na anakunywa zangu! Nikapanda nikaenda, naye akaniita nyuma mara mbili, nikadhani sasa anataka viatu.

Nilipita maboma mawili baada ya hapo. Yote mawili yalikuwa na watu na madumu. Watoto walikimbia pembeni yangu, wanawake wakasimama wakaniangalia kwa muda mrefu. Nilipunguza mwendo ili wenye macho waone midomo yangu. Waliona. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Nikaendelea, na saa sita gurudumu la mbele likatoboka.

Kwa Akai

Palipotoboka palikuwa na magunia ya makaa yamepangwa kando ya lami, na kivuli cha turubai. Chini yake alikaa mwanamke wa makamo, shanga shingoni hadi kidevuni, jina lake nililijua baadaye kuwa Akai. Kando yake, dumu. Njano tena.

Tulisalimiana, nikakaa kivulini pake nikaanza kuziba. Nusu ya gundi ya solusheni ikanimwagikia mchangani. Nikasubiri. Kwetu mgeni akiingia namna ile, maji yanafika kabla hajakunja goti. Akai hakusogea. Alikuwa naye anasubiri kitu, nikaona wazi, lakini kitu gani?

"Nipe pampu," akasema.

"Nikirudi, mama."

"Nipe kofia."

"Nikirudi."

Akaikagua blekmamba kuanzia mbele hadi nyuma, akashika keria akaitikisa, akatazama magunia yake. "Hii nabeba gunia mbili," akasema. "Nipe baiskeli."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka kucheka. "Nikirudi, mama. Nikirudi nitakupa."

"Siku gani?"

"Nikirudi tu. Labda Jumapili."

"Sawa," akasema.

Tukakaa. Lori moja likapita. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilimfikiria Bahati anapanda ndege Ijumaa akijua sikuja, na mimi nimekauka mita moja kutoka kwenye dumu. Na bado mdomo haukufunguka. Niliona afadhali nisukume baiskeli mpaka kituo kinachofuata. Nikasimama, lami ikaja juu, nikaanguka kwenye magunia.

Nilichosikia baada ya hapo ni maji kichwani na sauti ya Akai, na alikuwa amekasirika kweli. Aliniinua kwa ukosi wa shati, akaniwekea kikombe mdomoni, akinigombeza kwa Kiturkana na Kiswahili pamoja.

"Wewe mzee naringa! Kwa nini nakaa hapa na kufa, na hiyo maji iko?"

"Nilisubiri unipe," nikasema.

"Mimi nangoja uombe. Mimi naomba wewe pampu, naomba kofia, naomba baiskeli. Mara tatu. Wewe hapana omba kitu. Unanyamaza tu." Akajaza kikombe tena. "Mimi naona, huyu mtu hataki kitu yangu. Huyu mtu nadharau makaa yangu, nadharau maji yangu."

Nikamwambia habari za mchungaji wa laga. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Sasa ulimpa, halafu ukakimbia? Yule alikuwa nangoja uombe yake. Ndiyo mjuane." Akaguna. "Mtu kama hana, nasema hakuna. Hakuna shida. Lakini mtu kama haombi, huyo ni mtu wa nani?"

Nilikaa na kikombe mkononi. Sijui ni jua au ni nini, lakini sikuwa nikimwona Akai pale. Nilikuwa namwona Bahati amesimama kwenye majivu, akiniuliza kama sikuwa na simu. Na ninyi pia niliwaona, mtanisamehe, siku ile baada ya moto mlipokuja nyumbani na mabati ya kibanda kipya, nikawashukuru mlangoni nikawaambia sihitaji kitu.

Siku hiyo sikufika Kakuma. Nililala kwa Akai, na uji wa mtama niliuomba kwa mdomo wangu. Niliuomba vibaya, nikimwangalia mbuzi badala ya Akai, lakini niliupata.

Kakuma

Alhamisi mchana nikaingia Kakuma, na hapo kuchanganyikiwa kwangu kukapata mahali pa kukaa. Kisomali upande huu, Kiarabu cha Juba upande ule, Kifaransa katikati, na barabara zimepewa namba ambazo hazifuatani. Nilimwuliza kijana wa kuchaji simu. "Buda, unasaka Bahati gani? Hapa wako mob," akasema, yaani wapo wengi, kisha akanielekeza.

Bahati wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Bahati wa pili alikuwa mwanamke. Huyo alinikaribisha, akanipakulia sombe, kisamvu cha kwao, na ugali wa muhogo, akanisimulia habari za kwao Uvira kwa saa nzima, na nilipomaliza kunawa ndipo akasema kwamba Bahati ni yeye mwenyewe, na hajawahi kufika Voi. Nikamwuliza mbona hakuniambia mapema. "Ulikuwa na njaa, baba," akasema. Bahati wa tatu alikuwa amelala na hakutaka kuamshwa.

Wa kwangu, nikaja kuambiwa, alikuwa ameshahamishiwa kwenye uwanja wenye uzio ambako wasafiri wanakusanywa kabla ya ndege. Mlinzi wa Alhamisi alikataa hata kunisikiliza. Ijumaa asubuhi kulikuwa na mlinzi mwingine, kijana wa Kiturkana. Zamani ningesimama pembeni ili anione. Nikamwendea nikasema, "Ejok. Naomba uniitie mtu. Ndani kuna ndugu yangu."

Akanitazama. "Nipe kofia," akasema.

Nikampa. Akaivaa, akaingia ndani kumwita.

Bahati akaja mpaka kwenye waya. Amekonda, nywele zimeanza mvi, kadi ya plastiki inaning'inia kifuani. Hakunisalimia. Aliitazama baiskeli, akachuchumaa, akaangalia gurudumu la nyuma kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

"Unakuya na kinga toka Voi?" akauliza. Kinga ndiyo baiskeli kwao.

"Ndiyo." Nusura niseme kila kitu kama nilivyokipanga, kwamba sikukupigia kwa sababu sikutaka usumbuke. Nikayameza. "Bahati, kibanda kilipoungua nililala siku tatu kwenye majivu," nikamwambia. "Nilikuhitaji na sikukuita. Nilikosa."

Akainuka. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshawasha injini, na binti yake alikuwa akimwita.

"Nina ombi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mpaka nikaona aibu. "Ule ufunguo wako wa spoku. Nipe."

Mnaukumbuka, ule wa duara aliotoka nao kwao, aliokuwa halali bila kuushika. Alikuwa nao mfukoni, nilijua atakuwa nao. Alikuwa akiupeleka ng'ambo kuanza nao kazi. Aliutoa, akaugeuza kiganjani, na uso wake ukaharibika, sikujua kama analia au anacheka. Kumbe vyote.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita tunakula sahani moja. Ndio leo unaniomba kitu."

Akaupitisha kwenye waya. Akashika vidole vyangu pamoja na ufunguo, akavibana mpaka nikaumia.

"Na weye? Kinga utaifanya je?"

Nikamweleza habari ya Akai na Jumapili, nikitegemea atasema ile si ahadi, ni maneno tu ya adabu. Bahati ni fundi; gurudumu lile lilikuwa lake.

"Ulimwambia ukirudi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi urudi." Na binti akaja kumvuta mkono.

Kurudi

Kulikuwa na basi la kwenda Kitale Jumamosi. Lingepita mbele ya turubai la Akai kwa mwendo wa kasi, na mimi nimeinamisha kichwa. Sitajifanya sikuliwaza hilo. Nilikwenda mpaka penye basi, nikaangalia gurudumu la nyuma, nikarudi barabarani.

Upepo ule ule sasa ulikuwa usoni. Nilichukua siku mbili kwa njia ambayo kwenda ilikuwa nusu siku. Lakini kila boma nilisimama nikaomba maji. Wengine walinipa, mmoja alisema hakuna, tukacheka, nikaendelea. Kiu haikunisumbua hata kidogo.

Akai alikuwa amesimama barabarani Jumapili jioni. Watu walishamwambia ninakuja. Hakushangaa, hakunishukuru. Alipokea usukani kama mtu anayepokea ng'ombe wake kutoka malishoni, akapakia gunia moja, kisha la pili, akasukuma hatua kumi. Gurudumu halikutoa sauti. Nilimwonyesha namna ya kukaza mnyororo, pampu nikaiacha pia. Nilisikia uchungu, sitaki kuwadanganya. Nilishika kile kiti mara ya mwisho nikageuka upande mwingine.

"Sasa wewe omba," akasema.

Nikaomba maji. Alicheka mpaka shanga zikagongana. Nikaomba pia aniongelee na dereva wa lori lake la makaa, nami nikafika Lodwar juu ya magunia, mweusi toka kichwani hadi miguuni. Wale wa kofia, kengele na pampu nikawaambia hakuna, wakacheka; viatu nikamwachia mzee wa tumbaku. Ekal aliponiona hakuuliza baiskeli iko wapi. Nadhani yeye peke yake nchi hii.

Sasa mnajua. Baiskeli inabeba makaa kule, na ufunguo wa Bahati uko mbele yangu ninapoandika. Nimeufunga uzi mwekundu usipotee.

Na hili ndilo linalowahusu. Ninaziba pancha juani mwaka wa tatu sasa, na mgongo umekataa. Yale mabati niliyowarudishia mlangoni, kama bado yapo, nayaomba. Naomba fremu kuukuu ya baiskeli, yeyote aliye nayo, na mikono miwili mitatu ya kuchimba mashimo ya nguzo za kibanda Jumamosi hii. Spoku nitasuka mwenyewe. Na kama huna, niambie huna. Sitanuna.